Siku Tulipoiwasha Mashine ya Kibondo kwa Redio

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisini Kasulu nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa kwetu ukilowa haumwachii mtu kiatu. Nilikuwa nanawa miguu kwenye bomba la nje wakati mlango wa chumba cha redio ulipofunguka, akatoka mtu mnene wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Wewe ndiye binti aliyetoka kijiji cha Kumsenga?" akauliza.

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba. Vaa viatu vyako kabla hujaingia. Humu sakafu nzima ni nyaya."

Huyo alikuwa Bwana Mhina, Mkuu wa Mawasiliano wa shirika letu katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Alikuwa mtu wa Tanga, na kabla ya kuletwa huku milimani alikuwa amefanya kazi ya simu za reli kwa miaka mingi. Mimi naitwa Konsolata. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasomea upigaji chapa Tabora, na redio pekee niliyoijua ni ile ya baba ya kusikilizia taarifa ya habari. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Watu walikuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kwa makundi, makambi yakifunguliwa moja baada ya jingine, na kazi ya shirika letu ilikuwa kuwaandikisha waliofika na kusimamia mgao wao wa chakula. Ofisi ilihitaji mtu wa redio anayejua Kiha na asiyechoka kukaa. Nikachukuliwa mimi.

Nyinyi vijana mnaosoma haya mnaishi na simu mfukoni, kwa hiyo niwaeleze. Redio yetu ilikuwa ya masafa marefu, yenye uwezo wa kufika Kigoma na Kibondo na hata kwenye gari lililoko porini. Lakini njia ilikuwa moja, na wote tuliitumia kwa zamu. Ukibonyeza kitufe kuongea, wengine wote hunyamaza na kukusikiliza. Ukimaliza unasema "ova" na kuachia. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kusema kwa ufupi. Cha pili kilikuwa kutaja herufi kwa majina yake ya redio, yaani A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie, kwa sababu sauti hupotea kwenye mkwaruzo. Bwana Mhina alinisomesha herufi hizo kama mtoto wa chekechea, huku akicheka kila nilipozitamka kwa lafudhi ya nyumbani. Hakuwa na kicheko cha kuumiza. Yeye mwenyewe alikuwa akijifunza kusema "Mwakeye", salamu ya Kiha, kwa walinzi kila asubuhi, nao walimcheka vilevile.

Baadaye zikaja kompyuta mbili, moja ya Kasulu na nyingine ya Kibondo, za kuwekea majina ya watu wa makambini. Mhandisi mmoja mgeni alizipakia mfumo wa Linux, akakaa nasi muda mfupi, akaondoka, akamwachia Bwana Mhina sahani za CD zenye programu na kitabu kinene cha maelekezo. Linux wakati huo ilikuwa ngeni kwa karibu kila mtu. Ilichaguliwa kwetu kwa sababu ilikuwa ya bure na haikuhitaji mashine yenye nguvu. Bwana Mhina alikuwa mtu mzima, na angeweza kusema kwamba yeye alikuja kwa ajili ya redio. Badala yake alikaa na kile kitabu kila baada ya kazi, na alipokielewa kiasi, akaniita.

"Konsolata, vuta kiti. Nikiugua nani atawasha hii?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonilisha maisha yangu yote.

Leo mkiwasha kompyuta mnaona picha nzuri na kiduara kinazunguka. Sisi tuliona maneno meupe kwenye kioo cheusi, yakipanda juu mstari baada ya mstari. Kwanza kinakuja kijiprogramu cha kuamsha, ambacho huandika neno "boot" na kungoja kidogo. Hapo unaweza kukiacha kiendelee, au unaweza kuandika maneno ya ziada ya kumwelekeza anayefuata. Anayefuata ni kernel, yaani kiini cha mfumo. Kiini huhesabu kumbukumbu, huzitambua diski moja moja na kuzitaja majina, kisha hufungua sehemu ya diski inayoitwa mzizi, ambamo kila kitu kingine kimo. Kikishapata mzizi ndipo huduma nyingine zinaamka, kila moja ikijitangaza. Na mashine ikishawaka vizuri, mambo yote hayo yanaandikwa ndani yake, saa na tukio, kwenye faili ambalo Bwana Mhina aliliita batli, kwa neno la mabaharia wa kwao la kumbukumbu ya safari ya chombo.

Asubuhi moja mashine ya Kasulu ilisimama katikati ya kuwaka, ikabaki kwenye mstari wa huduma ya barua. Mhasibu, aliyekuwa akisubiri kuitumia, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Acha kwanza," Bwana Mhina akamwambia. "Imekwama au inasubiri?"

"Tofauti yake ni nini, Bwana Mhina? Zote haziendi."

"Aliyekwama anahitaji msaada. Anayesubiri anahitaji muda."

Akatueleza kwamba ile huduma ilikuwa ikitafuta jina lake kwenye mtandao ambao sisi hatukuwa nao, na kwamba itauliza na kuuliza mpaka ikate tamaa, kisha iendelee. Akatumiminia kahawa. Hatujaimaliza, mistari ikaanza kupanda tena. Mhasibu akaguna tu, lakini mimi nilifurahi kama niliyeonyeshwa mlango ukutani.

Nilifanya kazi chini yake mpaka nilipopewa uhamisho wa kwenda Kibondo, kusimamia redio na kompyuta ya huko. Nilikuwa narudi karibu na nyumbani Kumsenga, lakini nililia kidogo garini, sioni aibu kusema. Mkuu wa Kituo cha Kibondo alikuwa Mama Kokusima, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mrefu, mkali, aliyetembea haraka na kuongea haraka. Siku niliyoripoti aliniangalia juu mpaka chini.

"Mhina ameniandikia kwamba unajua kazi," alisema. "Mimi siangalii barua, nitaangalia kazi. Karibu Kibondo. Umekula?"

Ndivyo alivyokuwa, ukali na chakula katika pumzi moja.

Pale Kibondo niliyefanya naye kazi bega kwa bega alikuwa Deogratias, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu Deo. Alikuwa mkimbizi. Kwao Burundi alifundisha hesabu sekondari, na Kiswahili chake kilichanganyika Kirundi na Kifaransa. Kompyuta aliita "oridinateri". Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza majina ya familia mpya kutoka kituo cha mapokezi cha Mabamba, mpakani. Kila familia iliyoingizwa ilipata nafasi kwenye karatasi za mgao, ambazo tulizichapa siku moja kabla ya chakula kugawiwa. Asiyekuwamo kwenye karatasi hakupimiwa unga wala maharage.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Wiki hizo watu wengi walikuwa wamevuka Mabamba. Mwalimu Deo alikuwa akiingiza majina kutwa nzima, vidole vimevimba. Katikati ya pilika hizo akaja fundi mmoja kutoka Kigoma, aliyetumwa kuzisafisha mashine za vituo vyote, kwa sababu vumbi la kiangazi lilikuwa limezijaza. Tuliizima kompyuta kwa utaratibu, akaifungua, akapuliza, akafuta, akaifunga. Jenereta lilikuwa limezimwa kuokoa mafuta, na gari lake lilikuwa likipiga honi nje. Akatuaga, akaenda bila kuijaribu.

Asubuhi iliyofuata, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya mgao, niliwasha mashine. Mistari ikapanda kama kawaida, kisha ikasimama. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno la Kiingereza ambalo sikuwahi kuliona pale: panic. Nikazima, nikawasha tena. Ikasimama palepale.

Mwalimu Deo alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni nini, Konso?"

"Sijui bado."

"Majina yapo?"

"Sijui, Mwalimu. Kaa kwanza."

Hakukaa.

Mama Kokusima aliita Kigoma kwa redio. Afisa wa kompyuta wa huko alitusikiliza kwa makini, akatoa ushauri ambao ulikuwa na busara yake. Alisema tuifute diski, tupakie mfumo upya kwa sahani, halafu turudishe majina kutoka kwenye mkanda wa akiba. Mpaka jioni tungekuwa tumeshachapa. Tatizo lilikuwa moja. Mkanda wetu wa mwisho ulirekodiwa kabla ya wimbi lile la Mabamba. Kambi nzima ingepata chakula isipokuwa waliofika karibuni, ambao fomu zao za karatasi zilikwishapelekwa Kigoma. Wangesubiri mgao mwingine. Na hao ndio waliokuja bila hata sufuria.

Mama Kokusima aliweka kisemeo cha redio mezani.

"Konsolata," akasema, "nikisubiri, huenda kambi nzima ikakosa. Nikifuta, hawa wa Mabamba wanakosa hakika. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa mdogo pale ofisini kuliko wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo.

"Mama, nipe ruhusa nimuulize Bwana Mhina. Kama mpaka baada ya chakula cha mchana hatujaiwasha, tutafuta."

Akaangalia nje, uwanjani, ambako malori ya unga yalikuwa yamekwishafika.

"Muulize," akasema.

Nikashika redio. "Kasulu, Kasulu, Kibondo anaita. Naomba Bwana Mhina, ni dharura, ova."

Mwenzangu wa Kasulu alimwita. Nilimsikia Bwana Mhina akihema, kama aliyekimbia kutoka nje. "Kibondo, Mhina hapa. Endelea, ova."

"Mzee, kompyuta haiwaki. Mstari wa mwisho una neno panic, ova."

"Hiyo ni taharuki. Nani ametaharuki, wewe au mashine? Ova."

"Wote wawili, Mzee. Ova."

Akacheka. Kicheko chake kilifika Kibondo kimekatika vipande vipande, lakini kilifika. Kisha nikamsikia akibadilisha sauti na kuongea na watu wote walioko kwenye njia ile. "Magari yote, vituo vyote, huyu ni Mhina, Kasulu. Naomba mtuachie njia hii. Tuna mgonjwa Kibondo. Asiye na dharura anyamaze. Asanteni." Pakawa kimya. Sikuwahi kuisikia njia ile ikiwa kimya hivyo mchana.

"Haya, Konsolata. Huo mstari wa mwisho ni kilio tu. Mimi nataka kilichoandikwa kabla ya kilio. Shika kitufe cha Shift, ubonyeze kile cha kupandisha ukurasa. Uende juu mpaka uone mahali kiini kinapotaja diski. Nisomee herufi kwa herufi, ova."

Nikapandisha. Mwalimu Deo aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Nimeona, Mzee. Hoteli, Delta, Charlie. Halafu jina la kampuni na ukubwa wa diski, ova."

Mkwaruzo tu.

"Rudia herufi ya tatu, ova."

"Charlie, ova."

"Si Alfa? Angalia vizuri, ova."

Nikaangalia mpaka macho yakaniuma. "Si Alfa, Mzee. Ni Charlie, ova."

"Na kwenye kilio, kinasema kimeshindwa kufungua mzizi ulioko wapi? Ova."

"Sifuri tatu, nukta mbili, sifuri moja, ova."

"Alhamdulillahi," akasema, na akasahau kusema ova.

Nilielewa alipoeleza. Ndani ya kasha la kompyuta kulikuwa na matundu mawili ya kuchomekea utepe wa nyaya unaotoka kwenye diski. Diski iliyochomekwa kwenye tundu la kwanza, Linux huiita hda. Ikichomekwa kwenye tundu la pili, huiita hdc. Ile namba niliyomsomea ndiyo namba ya hda. Kiini kilikuwa kimeagizwa tangu siku ya kupakiwa kwamba mzizi uko nyumba ya kwanza. Kimefika nyumba ya kwanza, hakuna mtu, kimetaharuki. Na mwenye nyumba mwenyewe yuko mtaa wa pili, mzima, anashangaa kwa nini hagongewi.

"Lakini tusifurahi mapema," akaendelea. "Nataka tumwone kwa macho bila kumgusa. Washa upya. Ukiona neno boot, bonyeza Shift mashine ikusubiri. Halafu uandike nitakayokutajia, ova."

Akanitajia kwa majina ya redio, nami nikaandika kwa kidole kimoja, Mwalimu Deo akirudia kila herufi kwa mnong'ono: linux, nafasi, root, alama ya sawasawa, mkwaju, yaani ule mstari ulioinama, dev, mkwaju, hdc1. Hilo lilikuwa neno la kukielekeza kiini kiende mtaa wa pili. Kisha nafasi, na neno jingine: init, sawasawa, mkwaju, bin, mkwaju, sh. Hili liliiambia mashine isiamshe huduma yoyote, inipe tu mahali pa kuandika amri. "Tunaingia kwa mlango wa nyuma," alisema Bwana Mhina, "na tunavua viatu."

Nikabonyeza. Mistari ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikifia, ikatoa alama moja ndogo ya reli, yaani #, ikatulia.

"Mana yanje," Mwalimu Deo akasema, yaani Mungu wangu kwa Kirundi.

"Mzee, imenipa alama ya reli, ova."

"Vizuri sana. Sasa fungua batli. Nisomee mistari ya mwisho, ova."

Nilimsomea. Batli ilionyesha kwamba jana, kabla fundi hajafungua kasha, huduma zote zilifungwa moja moja kwa mpangilio, na diski ilikuwa ikiitwa hda. Baada ya hapo hapakuwa na neno lolote. Bwana Mhina aliuliza nani aliyefungua kasha. Nikamwambia habari za fundi wa vumbi.

Mama Kokusima alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia hayo alikuja juu. "Leo leo namwandikia mkubwa wake! Watu wangelala njaa kwa ajili ya utepe!"

Nilikuwa bado nimeshika kitufe, kwa hiyo Kasulu walisikia kila neno.

"Mama Mkuu, hapa Mhina," redio ikasema kwa upole. "Naomba usimwandikie kwanza. Hebu niulize, vumbi limetoka? Ova."

Mama Kokusima alinitazama, kisha akachukua kisemeo mwenyewe. "Limetoka. Imekuwa kama mpya ndani. Ova."

"Basi huyo kijana amefanya kazi yake. Yale matundu yanafanana kama mapacha, na honi ilikuwa ikimpigia. Nitamwelekeza mimi. Na batli inasema majina hayajaguswa. Ova."

Mama akasema, "Haya, Mhina. Ova." Hakumwandikia kamwe, na najua hivyo kwa sababu barua zote nilizichapa mimi.

Tulizima jenereta. Nilifungua kasha kwa bisibisi iliyokuwa kwenye sanduku la gari, nikakuta mambo kama alivyosema. Nilichomoa utepe kutoka tundu la pili nikauhamishia la kwanza, ule ukingo wake wenye mstari mwekundu ukielekea upande aliokuwa amenitajia. Mikono ilinitetemeka, na Mwalimu Deo alinimulikia tochi ingawa jua lilikuwa likiingia dirishani. Jenereta likawashwa tena. Sikuandika neno lolote la ziada. Niliiacha mashine iende yenyewe.

Ilikwenda. Ilitaja hda. Ikafungua mzizi. Ikaanza kuamsha huduma, halafu, kwenye mstari wa barua, ikasimama.

"Imekwama tena!" Mama Kokusima akasema, na mkono wake ukaenda kifuani.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Inasubiri."

Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa tulivu kiasi cha kunishangaza. Tulisimama watatu tukikodolea kioo. Kisha mistari ikaendelea, na mwishoni mashine ikaniuliza jina langu kama inavyomuuliza kila mtu kila siku.

Nilifungua programu ya majina, nikampisha Mwalimu Deo akae. Nilidhani ataagiza printa ianze moja kwa moja. Badala yake aliandika jina moja kwenye nafasi ya kutafutia, akabonyeza, akasubiri. Likatokea, na chini yake majina ya watoto. Aliliangalia. Akafuta uso kwa kiganja.

"Bon," akasema. "Tuchape."

Nikarudi kwenye redio. "Kasulu, Kibondo. Mgonjwa amepona, Mzee. Majina yote yapo. Tunachapa. Asante sana, ova."

"Nimekupata, Kibondo. Kazi nzuri, Konsolata. Naachia njia, ova na mwisho."

Hapo hapo ikaingia sauti nyingine, ya mtu mzima, ya taratibu. "Kibondo, hapa gari la Kakonko. Hongereni sana. Tulikuwa tunawasikiliza. Sasa kama mmemaliza, naomba msaada. Springi imekatika, nimekaa barabarani tangu mlipoanza hizo habari za Charlie, ova."

Mama Kokusima alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwahi kumwona akicheka vile kabla wala baada. Nilimuuliza dereva kwa nini hakusema mapema, kwani na yeye alikuwa na dharura. "Mimi nina kivuli na ndizi za kuchoma," akajibu. "Niliona nyinyi mna haja zaidi." Gari la kumsaidia lilitoka mara moja, na Mama akaamuru dereva apelekewe chakula cha jikoni kwake.

Mgao ulifanyika kesho yake kama ulivyopangwa. Nilikwenda kambini, jambo ambalo halikuwa kazi yangu, nikasimama kando kutazama foleni ya waliotoka Mabamba. Mwalimu Deo alinionyesha mwanamke mwembamba aliyebeba mtoto mgongoni, wengine wawili wakishika kitenge chake.

"Dada yangu," alisema. "Alikuwa amefika wiki iliyopita. Nilidhani wamekufa wote."

"Mbona hukusema jana?"

"Ningesema, mikono yako ingetetemeka zaidi."

Yule dada alipopita na unga wake aliinama kidogo kwa kaka yake, bila kujua mimi ni nani, akaenda zake. Wengi wa watu wale baadaye walirudi kwao, na waliobaki ni majirani zetu. Mwalimu Deo alifundisha tena, safari hii watoto wa Kitanzania, na hesabu alizipenda mpaka alipofariki.

Nilikaa Kibondo mpaka shirika lilipopunguza shughuli. Baada ya hapo nilirudi Kasulu, nikaajiriwa kwenye ofisi ya halmashauri, nikahudumia kompyuta za kila aina chini ya wakuu wa kila aina. Mmoja alipenda kila kitu kiandikwe mara tatu. Mwingine alidhani kompyuta ikizimwa ghafla ni mimi nimeikasirikia. Kwa wote nilijifunza, na sina niliyeachana naye kwa ubaya. Majina ya diski yalibadilika, kijiprogramu cha kuamsha kikabadilika, kioo cheusi kikafichwa nyuma ya picha. Lakini wale wasichana na wavulana waliokuja kufanya kazi chini yangu niliwafundisha kuiondoa ile picha na kuyasoma maneno yanayopita nyuma yake. Walinung'unika. Wengine walinishukuru baadaye, wengine wamesahau, na ni sawa.

Nilipostaafu kwa hiari nilifunga safari mpaka Tanga, maana nilikuwa nimepata habari kwamba Bwana Mhina bado yu hai. Nilimkuta barazani kwake, amekonda, miguu ameifunika shuka, binti yake akimsomea gazeti. Alinitambua kwa sauti kabla hajanitambua kwa uso. Alifurahi mno. Aliulizia baridi ya Kasulu, akaulizia walinzi kwa majina, akajaribu "Mwakeye" na kuikosea vilevile kama zamani.

Nikamwambia kilichonileta. Nilisema nilitaka kumshukuru kwa siku ile ya Kibondo, kwamba kila nilichopata kazini, nyumba yangu, shule ya wanangu, kilianzia pale. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Siku ipi hiyo?" akauliza.

Nikaanza kumsimulia, mgao, malori, mkanda wa akiba. Alitikisa kichwa polepole. Hakuikumbuka kabisa. Kwake ilikuwa siku moja ya kazi miongoni mwa nyingi, na alikuwa amewasaidia watu wengi kwenye redio ile. Niliona ajabu kidogo, kisha nikaona raha. Nilimshukuru hata hivyo, kwa heshima zote, na binti yake akashusha gazeti ili asikilize.

Nilipofika mahali tunapochomoa utepe, Bwana Mhina aliinua mkono kunisimamisha. Macho yake yalikuwa yamechangamka.

"Sasa niambie, mwanangu," akasema, "iliwaka?"

"Iliwaka, Mzee."

"Basi vizuri," akasema, akamgeukia binti yake aniletee kahawa.